Mahameli ya Bonasi
Na Jirani wa Keroka

Mahameli imerudi kunikera, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba nikishaanza na mapazia sisimami hadi mlangoni. Bonasi ya chai ikiingia, kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo, sebule huvishwa mapazia mazito yanayoburura sakafuni, na muuzaji hutaja Uturuki kana kwamba ni cheti cha ubora. Mahameli ya zamani ilikuwa hariri. Inayouzwa kwa mita leo aghalabu ni poliesta, uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Nyanda zetu za Gusii nazo hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Kitambaa kizito katika unyevu huo huota kuvu upande wa ukutani, wala hakifuliki kwenye karai. Tunanunua giza la mchana, kisha tunalipia umeme wa kuliondoa.

Wakati huohuo vitambaa vya krosheti vinavuliwa makochini na kutiwa maguniani, eti ni ushamba. Anasa ya kweli katika vitambaa vya nyumbani, iwe Paris au Nyamira, ni saa za mkono wa binadamu. Lesi ya Alençon ya Ufaransa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa ubinadamu mwaka 2010, huchukua takriban saa 7 kwa sentimita moja ya mraba, na hakuna Mfaransa anayeiita ushamba. Mtasema krosheti huteleza mgeni akikaa. Huteleza kweli, fundi wa viti aitie vifungo. Mtasema kila mtu na pesa zake. Sawa, mradi tusiite poliesta ufahari. Pingamizi lenye uzito ni kwamba mfumaji hulipwa kidogo mno, hivyo kuisifu kazi yake ni kumfunga kwenye umaskini. Hilo nalikubali nusu. Hulipwa kidogo kwa sababu tunamlipia uzi na kuzisahau siku zake, kama tunavyowafanyia wachongaji wa mawe wa Tabaka, ambao jiwe lao hupanda bei likishatoka Gusii. Dawa ya malipo duni ni kulipa. Aliyeilipia poliesta kimyakimya hana haki ya kumlilia mfumaji wa Nyamira apunguze mia mbili.