Jumba la Nguo la Ieper Si Uwongo

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wakubwa, wasemao ya kwamba Jumba la Nguo la Ieper ni uwongo uliojengwa kwa mawe. Jumba la kale, wasema, liliungua. Hili tulionalo ni la juzi. Basi waliolijenga kwa sura ya zamani wamewahadaa watazamaji. Nakuomba, msomaji, usiikubali hoja hiyo kabla ya kuipima.

Ieper ni mji wa kale wa Flanders, katika nchi ya Ubelgiji. Utajiri wake ulitokana na ufumaji. Sufu ililetwa kutoka Uingereza, ikafumwa hapo, na nguo zikauzwa nchi za mbali. Kwa fedha hizo wenyeji walijenga jumba lenye urefu wa zaidi ya mita 100, na mnara upatao mita 70, likamalizika mwaka 1304. Angalia, halikuwa kanisa wala ngome ya mfalme, bali soko na ghala la wenye kazi. Mashua zilifika hadi ubavuni mwake, kwa mto ambao siku hizi umefunikwa na kupita chini ya ardhi. Yasemekana hata paka walifugwa humo wawinde panya walioharibu sufu. Desturi ya kuwatupa paka hao kutoka mnarani, ambayo sina neno jema la kuisemea, ilikoma mwaka 1817.

Tarehe 22 Novemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililitia jumba moto. Mei 1915 raia waliosalia waliamriwa kuhama, na vita vilipokwisha mwaka 1918 mji ulikuwa vifusi vitupu. Mwaka 1919 Winston Churchill, Waziri wa Vita wa Uingereza, alitaka magofu yote yaachwe yalivyo, yawe ukumbusho wa askari waliokufa huko. Huzuni yake ilikuwa ya haki. Ombi lake halikuwa. Mji ulikuwa wa nani? Wenyeji walikwisha kurudi, wakikaa katika vibanda vya mbao, wakidai nyumba zao. Nao wafu hawakunyimwa heshima: Lango la Menin, lililofunguliwa mwaka 1927, lina majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na kaburi lijulikanalo, na tarumbeta hulia hapo kila jioni. Je, heshima hiyo yapungua kwa kuwa jirani yake wanaishi watu?

Eugène Dhuicque, msanifu wa majengo, alitaka gofu la jumba peke yake libaki. Hoja yake ni nzito zaidi, maana jumba hilo si nyumba ya kulala mtu. Lakini Jules Coomans, msanifu wa mji, alikuwa akilitengeneza jumba lile tangu kabla ya vita, akalijua vema. Kazi ya kulirudisha iliendelea hata baada ya kufa kwake, ikaisha mwaka 1967, na sehemu za chini za mnara bado zina mawe ya kale.

Adanganyaye huficha. Hawa wameweka ndani ya jumba hilo hilo makumbusho ya vita vilivyoliangusha. Mwongo gani amwonyeshaye mgeni, chini ya paa jipya, jinsi paa la kwanza lilivyoteketea?