Baba Aliyeuawa kwa Telegramu: Kisa cha John Amos

Wasomaji wengi wa safu hii wanamjua John Amos ingawa huenda jina lake haliwaambii kitu. Ndiye Kunta Kinte wa utu uzima katika tamthilia ya Roots, yule aliyekatwa mguu kwa kosa la kuutoroka utumwa. Ndiye pia Cleo McDowell wa filamu ya Coming to America ya mwaka 1988, mwenye mgahawa wa Queens anayeapa kwamba biashara yake haifanani hata chembe na McDonald's. Alifariki Los Angeles tarehe 21 Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka 84, na habari za kifo chake zikatangazwa Oktoba. Nimeona anavyokumbukwa kama baba wa runinga ya Marekani, na sifa hiyo anaistahili. Lakini mwaka 1976 baba huyo alifukuzwa kazi, na kisa cha kufukuzwa kwake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu mwenye hasira. Mimi nakisoma kama kisa cha kazi, yaani cha mwajiriwa aliyehoji kile alichoagizwa kukitenda.

Tuanzie kabla ya umaarufu. Amos alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1939. Alicheza mpira wa Kimarekani chuoni Colorado, akajaribu kuingia katika timu za kulipwa, akashindwa. Akageukia kalamu. Aliandika matangazo ya biashara, kisha mwaka 1969 akawa miongoni mwa waandishi wa kipindi cha mwimbaji Leslie Uggams katika kituo cha CBS. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye, alipogombana na waandishi, ilikuwa rahisi kumwona kama mwigizaji anayeingilia fani asiyoijua. Fani hiyo alikwisha kuifanya kwa mshahara.

Mwaka 1970 alipata nafasi katika The Mary Tyler Moore Show, akiigiza Gordy, mtangazaji wa hali ya hewa. Wageni wanaofika ofisini humo hudhani kwamba Gordy ndiye mtangazaji wa michezo, maana wanamwona mtu mweusi mwenye mwili wa mwanamichezo, na akili zao zinakwenda huko moja kwa moja. Tazama jinsi kichekesho hicho kilivyojengwa. Anayechekwa ni mwenye dhana. Gordy anabaki na heshima yake, na mtazamaji anacheka kwelikweli. Kwa hiyo haikuwa siri, hata katika runinga ya miaka ile, kwamba inawezekana kuchekesha bila kumdhalilisha mtu.

Good Times ilianza kurushwa Februari 1974. Ilihusu familia ya Evans, watu weusi maskini wanaoishi katika nyumba za umma mjini Chicago. Waasisi wake, Eric Monte na Mike Evans, walikuwa weusi. Mwenye mamlaka ya mwisho alikuwa Norman Lear, mtayarishaji mzungu aliyekwisha kuitikisa Marekani kwa All in the Family. Mama wa familia, Florida, aliigizwa na Esther Rolle, naye hakukubali kuichukua kazi hiyo hadi alipohakikishiwa kwamba nyumba hiyo itakuwa na baba. Hakutaka mamilioni ya watu waonyeshwe kila wiki familia nyingine ya watu weusi isiyo na mwanamume. Ndipo akapatikana James Evans, aliyeigizwa na Amos: mtu wa vibarua, leo ana kazi mbili, kesho hana hata moja, mkali kwa wanawe, asiyekubali kuinamisha kichwa. (Rolle, nitaje tu, alimzidi mume wake wa kwenye skrini kwa miaka 19, na Jimmie Walker, mwana wao mkubwa, alizaliwa miaka minane tu baada ya baba yake. Hakuna aliyejali, kwa jinsi walivyoigiza vizuri.)

Huyo mwana mkubwa, J.J., ndiye aliyekuja kuwa tatizo. Walker alikuwa mchekeshaji hodari, na neno lake moja, "Dyn-o-mite!", lilipata umaarufu nchi nzima. Waandishi, ambao wengi wao walikuwa wazungu, walifanya kile ambacho biashara iliwatuma wafanye: walimwongezea J.J. nafasi, makeke, kofia za ajabu na kukonyeza macho. Amos alilalamika. Hoja yake, kama alivyoieleza mara nyingi katika mahojiano, ilikuwa nyepesi kueleweka. Familia hiyo ilikuwa na watoto wengine wawili, binti mwenye ndoto ya udaktari na mdogo wao aliyetamani siku moja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kwa nini hao wasipewe uzito, na kwa nini hadithi nzima iegemee kwa yule anayeruka na kupiga kelele? Rolle naye alisema hadharani, katika jarida la Ebony mwaka 1975, kwamba kijana wa miaka 18 asiyefanya kazi wala kusoma si mfano anaopenda watoto weusi wauone.

Basi wawili hawa walisema jambo lilelile. Baada ya msimu wa tatu, Lear akampigia Amos simu na kumwambia kwamba mkataba wake hautaendelea, kwa kuwa amekuwa mtu wa kuvuruga kazi.

Msimu wa nne ulipoanza mwaka 1976, familia ya Evans ilikuwa ikijiandaa kuhamia Mississippi, ambako James alikuwa ametangulia kwa ajili ya kazi nzuri. Ikafika telegramu: James amefariki katika ajali ya gari. Kwa karatasi hiyo moja, waajiri walimaliza mgogoro wa kazi, na papo hapo wakalitimiza lile hasa ambalo Rolle alikuwa amelikataa tangu siku ya kwanza. Nyumba ikabaki bila baba. Rolle alivumilia msimu mmoja, akaondoka mwaka 1977, akarudi mwaka 1978 baada ya kuweka masharti, mojawapo likiwa kwamba J.J. apewe adabu zaidi. Kufikia 1979 kipindi kilikuwa kimekwisha.

Nimtendee haki Lear. Hakuwa mtu mwovu, na sidhani kama alikuwa mbaguzi kwa tafsiri ya kawaida ya neno hilo. Alifungua milango ambayo wenzake waliifunga. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi wanachama wa Black Panther walivyofika ofisini kwake kulalamika kwamba baba wa Good Times anafanya kazi tatu na bado ni fukara, na jinsi lawama hizo zilivyochangia kuzaliwa kwa The Jeffersons, kipindi cha familia nyeusi yenye mali. Mwaka 1994 alimwajiri tena Amos katika 704 Hauser. Ubaya wa mwajiri ungetupa maelezo mepesi mno. Kisa hiki kinatusumbua kwa sababu mwajiri alikuwa mtu mwenye nia njema, aliyeweza kuwasikiliza wageni waliobisha hodi ofisini, lakini hakuweza kumsikiliza mfanyakazi aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara yake.

Najua jibu linalotolewa. Amos mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa mwanadiplomasia, kwamba aliwatisha waandishi, na kwamba walichoka kuogopa kwa sababu ya kichekesho. Ukiri huo ni wa kiungwana, na vitisho kazini sivitetei. Lakini naona unavyotumika. Mara tu mtu anapokiri ukali wa sauti yake, hoja yake hufungwa kabatini. Rolle aliposema kwa upole, J.J. alipunguziwa makeke? Hakupunguziwa. Kwa hiyo upole haukuwa ule ufunguo uliokosekana. Swali la nani anaamua sura ya maskini mweusi mbele ya taifa lilibaki bila jibu, liwe limeulizwa kwa ngumi mezani au kwa mahojiano ya gazetini.

Wale walio katika utumishi wa umma wanajua ninachokisema. Ofisa kijana anahoji takwimu za ripoti kikaoni. Wiki inayofuata anaandikiwa barua ya kumtaka ajieleze kuhusu lugha aliyotumia mbele ya wakubwa. Anajieleza, anaomba radhi, jalada linafungwa. Takwimu zinakwenda kuchapishwa vilevile.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini Amos hakujiuzulu badala ya kungoja afukuzwe. Swali zuri, lakini lina dhana ndani yake, kwamba kuondoka ndiyo njia safi. Kujiuzulu humsafisha anayeondoka. Miswada hubaki mezani kwa walewale. Amos alikaa kwa misimu mitatu, na ukitazama vipindi vya misimu hiyo utaona alichokiokoa: James Evans aliye na aibu ya kukosa kodi ya nyumba, anayemkumbatia mkewe, anayewakaripia wanawe kwa sababu anaogopa mtaa utawameza. Mengi ya hayo yamo usoni mwake na katika mabega yake, mahali ambapo kalamu ya mwandishi haifiki.

Januari 1977, miezi michache tu baada ya telegramu ile, ABC ilirusha Roots kwa usiku nane mfululizo, na taifa zima likamtazama mtu aliyeitwa mvurugaji akiigiza mtumwa asiyetulia. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy. Zikafuata kazi nyingine nyingi, mpaka Admirali Fitzwallace, mkuu wa majeshi katika The West Wing. Ninayoithamini zaidi haikuwa ya runinga. Ni Halley's Comet, mchezo wa jukwaani wa mtu mmoja kuhusu mzee aliyeiona nyota ile yenye mkia akiwa mtoto mwaka 1910, na sasa anaingoja irudi mwaka 1986. Amos aliuzungusha mchezo huo kwa miaka mingi, peke yake jukwaani. Aliuandika mwenyewe.

Desemba 2019, Lear akiwa na umri wa miaka 97, kipindi kimoja cha Good Times kiliigizwa upya moja kwa moja hewani na waigizaji wapya. Andre Braugher alikuwa James, Viola Davis akawa Florida. Amos aliombwa kushiriki, akakubali. Alimwigiza diwani Fred Davis, mwanasiasa anayegonga mlango wa familia ya Evans kutafuta kura zao, huku akiwakumbusha kwamba nyumba wanayoishi si yao.