Alama Nne Mpakani

Mimi ni mtu wa pwani, na huko Busia nilikwenda kutafuta habari za biashara ya mpakani. Mvua ikanikimbiza, nikaingia katika banda la gemu. Humo nikawakuta vijana macho yameganda kwenye televisheni, vidole gumba vyacheza juu ya kile wakiitacho padi.

Nikaomba niishike. Kumbe ina vishikio viwili vinavyojaa viganjani barabara, na upande wa kulia vifungo vinne: pembetatu, duara, mraba na alama ya X. "Mwanangu, cha kukubali ni kipi?" nikauliza. "X, mzee," akajibu bila ya kunitazama.

Nikastaajabu. Mimi nilianza chuoni, nikifuata alifu na bee kwa kidole juu ya ubao, kisha nikaingia skuli. Na huko skuli X ilikuwa alama ya kosa.

Nilipochungua nikaona mshangao wangu una sababu. Teiyu Goto wa kampuni ya Sony, aliyeibuni padi ya PlayStation iliyotoka Japani mwaka 1994, alikusudia duara liwe ndiyo na X iwe siyo, kama ilivyo desturi ya kwao. Mchezo ulipofika Marekani na Ulaya maana ikageuzwa, X ikawa ndiyo. Mwaka 2020, ilipotoka PlayStation 5, Wajapani nao wakaletewa maana hiyo ya ugenini. Basi alama haina maana ya milele; maana huipata kwa waitumiao.

Wako wazazi watakao mabanda haya yafungwe. Mtoto kukimbia masomo akashinda bandani ni jambo baya, na hilo sibishani nalo. Lakini kesho yake, Malaba, nilimwona fundi wa simu amefungua padi iliyochoka. Alipangusa vijiraba vilivyo chini ya vifungo, akabadilisha kijiti cha kuelekezea, maana cha zamani kilikuwa kikimpeleka mchezaji asikotaka. Kando yake mvulana alimshikia tochi, hapepesi macho. Mvulana yule sikumwona kuwa amepotea.

Na tukumbuke jambo moja. Baiskeli haikubuniwa Busia. Lakini ni watu wa mpaka huu walioifanya kazi ya kuvusha abiria, wakaipa jina la boda boda, na leo jina hilo latamkwa Afrika Mashariki nzima, hata pikipiki zimelirithi. Chombo kilikuwa cha wageni. Kazi na jina vikawa vyetu.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa Busia na Malaba: kabla ya kulipiga banda kufuli, mchukueni kijana mumpeleke kwa fundi, na vyuo vya ufundi vimfungulie mlango. Akijua kilichomo ndani ya padi, hatabaki kuwa mlipaji wa saa za kuchezea tu. Wahenga walisema, mtumai cha nduguye hufa maskini.