Tapeti ni Tapeti? Muulize Kaka Yangu wa Texas

Wiki iliyopita niliahidi kumalizia kisa cha yule dada wa saluni na pochi yake. Kitasubiri. Wiki hii nina kesi na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayebeba boksi kule Houston, Texas. Na nisiwafiche, kosa ni langu.

Kaka ana pikapu, Chevrolet ya mwaka 1979, V8 ya 350, yaani lita 5.7. Msidhani ni ubishoo. Wikiendi anahamishia watu vyombo, na hela hiyo ndiyo inamlipia mdogo wetu ada ya chuo cha uuguzi hapa Bongo. Sasa kemshafti ikalika. Akasema ngoja niiboreshe moja kwa moja, niweke ya rola, maana siku hizi oili nyingi zimepunguzwa zinki na zile tapeti bapa za zamani zinaitegemea sana. Shafti akanunua. Kuulizia tapeti zake za rola, bei ikaipita ya shafti yenyewe!

Akanipigia WhatsApp. Mimi baada ya fomu fo nilishika spana miezi minane kwenye gereji moja Gerezani, na tangu hapo ukoo mzima unaniita injinia.

"Dogo, hizi tapeti za zamani naona bado nzima. Nirudishie?"

"Kaka, tapeti ni tapeti. Rudishia."

Jamani! Nusu saa haikuisha. Injini ikaanza kugonga kama fundi bati, akazima, akamwaga oili. Inameremeta chuma kitupu, utadhani mapambo ya Krismasi. Kaka hakunigombeza, alinitumia tu picha. Bora angenitukana.

Nikaenda kwa fundi wangu wa zamani, mkia nimeuficha. Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. Halafu akanielewesha.

Tapeti bapa unaiona bapa, kumbe uso wake umebinuka kidogo sana, na nundu ya shafti yake imekatwa mshazari kidogo. Kwa hiyo kila nundu ikiisukuma, tapeti inazunguka kwenye tundu lake na haisuguliwi sehemu moja tu. Siku ikigoma kuzunguka, imekwisha, na shafti inaifuata. Ya rola ni kinyume kabisa. Ina kigurudumu chini, na kigurudumu kikigeuka upande kinaichimba nundu, hivyo ni lazima ishikwe isizunguke hata chembe. Nundu za shafti yake hazina ule mshazari, tena zina mabega mapana yanayoinua valvu haraka. Mimi nikamwekea kaka tapeti inayotaka kuzungushwa juu ya shafti isiyozungusha mtu!

"Na hata bapa kwa bapa," fundi akaongeza, "shafti mpya, tapeti mpya. Zile 16 kila moja imezoeana na nundu yake. Ukizichanganya tu umeua."

Hayo miezi minane yote sikuyasikia, labda nilikuwa nimetumwa chai.

Ubaya mwingine ni umri wa ile injini. Chevrolet walianza kutia rola kwenye V8 zao ndogo za magari ya kutembelea mwaka 1987, na 350 ya pikapu ikasubiri mpaka 1996. Bloku hizo za rola zina matundu marefu zaidi na mahali pa kufungia vyuma vya kuzishika tapeti. Ya mwaka 1979 haina. Kaka anatakiwa kununua zile zilizounganishwa mbilimbili kwa kipande cha chuma, zishikane zenyewe. Na kwa kuwa tapeti ya rola ni ndefu, fimbo za kusukuma roka lazima ziwe fupi: za zamani zina kama inchi 7.8, hizi zinacheza kwenye 7.3, na inabidi upime kwanza ndipo uagize. Springi za valvu nazo ziendane na shafti. Halafu mbele ya shafti kinawekwa kizuizi, maana bila ule mshazari hakuna kinachoivuta nyuma, inaweza kutembea kuja mbele.

Hapo sijataja kuifungua injini nzima kusafisha vile vyuma.

Wikiendi tatu pikapu imelala. Ada ya mdogo wetu nusu imetoka kwa kaka, nusu ni malipo ya safu hii, kwa hiyo mkiniona natembea kwa miguu Kariakoo msishangae. Mama anajua nimepata moyo wa kusaidia ndugu. Msimwambie.

Juzi kaka kanitumia picha ya boksi: tapeti 16 mpya, mbilimbili kama wanafunzi wa chekechea. Chini kaandika, "Injinia, gia ya distributa nirudishie ile ile?"

Nikamjibu, kaka, muulize aliyekuuzia shafti, shafti ya chuma hiki inataka gia ya aina gani. Mimi niulize habari za saluni.