Picha ya Hadharani Ina Mwenyewe

Kila inapotoka habari kwamba kampuni ya akili mnemba imekomba picha na maandishi ya watu kutoka mitandao ya kijamii, jibu huwa tayari mdomoni: "Si waliweka wenyewe hadharani?" Nimelisikia kwa mawakili, kwa wataalamu wa kompyuta, hata kwa wazazi wanaowakaripia watoto wao. Husemwa kwa uhakika wa mtu anayefunga mjadala. Nasema jibu hilo ni la uongo. Linamkinga mwenye nguvu, linamtwisha lawama aliyechukuliwa kilicho chake, na sisi tumelipokea bila hata kulikagua.

Mwanzoni mwa 2020 gazeti la New York Times lilifichua kazi ya kampuni ya Marekani iitwayo Clearview AI. Kampuni hiyo ilikuwa imepita Facebook, YouTube na tovuti nyingine chungu nzima, ikakusanya picha zaidi ya bilioni 3. Kila uso uligeuzwa kuwa vipimo ambavyo kompyuta inaweza kuvilinganisha, kisha polisi wakauziwa huduma yenyewe: pakia picha ya mtu yeyote, uletewe picha zake nyingine mtandaoni na kurasa zilikotoka. Miaka mitatu baadaye kampuni ilisema hazina yake imefikia picha bilioni 30. Utetezi wake haukubadilika: picha zilikuwa wazi, kila mtu angeweza kuziona. Makamishna wa faragha wa Kanada waliukataa mwaka 2021 na kuiita kazi hiyo ufuatiliaji wa halaiki. Mwaka 2022 Italia, Ugiriki na Ufaransa zikaipiga kampuni faini ya euro milioni 20 kila moja, na Septemba 2024 Uholanzi ikaongeza euro milioni 30.5. Swali lao halikuwa kama picha zilionekana mtandaoni. Walichouliza ni nani aliyeiruhusu kampuni kuzifanyia kazi ile.

Arusi ya uswahilini hufanyika barabarani. Turubai linafungwa, ngoma inapigwa, na apitaye anatazama bila kufukuzwa. Lakini atokee mtu asiyejulikana, ampige picha kila mgeni usoni, aandike nani kaja na nani, nani kavaa nini, nani analia pembeni, kisha daftari lote akaliuze mjini. Wenye shughuli wangemtoa kabla hajamaliza safu ya kwanza ya viti, na hakuna jirani ambaye angemtetea eti kwa kuwa arusi ilikuwa ya wazi. Kutazama ni jambo moja. Kukusanya kila kitu cha kila mtu na kukifanyia biashara ni jambo jingine kabisa, na sheria za taarifa binafsi zimejengwa juu ya tofauti hiyo: taarifa iliyotolewa kwa kusudi moja haichukuliwi kwa kusudi jingine kwa sababu tu imepatikana.

Tena si kweli kwamba waliweka wenyewe. Juni 2024 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba limekuta picha za watoto 170 wa Brazil ndani ya LAION-5B, hazina ya viungo vya picha na maelezo yake iliyotumika kufunzia programu za kutengeneza picha. Nyingine zilikuwa na majina ya watoto kwenye maelezo. Shirika lilikuwa limekagua chini ya asilimia 0.0001 ya hazina hiyo yenye picha bilioni 5.85. Mwezi uliofuata likakuta za watoto 190 wa Australia. Kati yao wapo wachanga. Mtoto mchanga aliweka nini hadharani?

Hapa kwetu mambo ni yaleyale. Picha za mahafali huwekwa na shule. Za kipaimara na maulidi huwekwa na mashangazi. Ya mgonjwa akiwa kitandani huwekwa na rafiki anayeomba michango, kwa nia njema kabisa, na yenye namba ya simu juu yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya Kenya iliitoza shule ya Roma faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera shilingi milioni 1.85 kwa kutumia mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja yule alikuwa amekaa mahali pa starehe, mbele za watu, na bado sheria ilimwona kuwa mwenye picha yake. Ikiwa klabu ya Nairobi inawajibika kwa picha ya mtu mmoja, kampuni inayokomba mabilioni inasamehewa kwa hoja gani?

Wapo watakaosema dawa ni kufunga akaunti. Mama anayeuza vitenge Instagram atafunga akaunti yake auze kwa nani? Na hata akiifunga, picha yake iko kwenye kurasa za wengine ambazo hana funguo zake.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni wakati. Septemba 2024 mkurugenzi wa faragha wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Melinda Claybaugh, alibanwa na maseneta wa Australia hadi akakiri kwamba machapisho ya wazi ya watu wazima wa nchi hiyo, tangu 2007, yalitumika kufunza mifumo ya akili mnemba, isipokuwa kama mtu alikuwa ameyafunga. Fikiria maana yake. Aliyeandika maneno ya kumlilia mama yake mwaka 2009 aliwaandikia ndugu na marafiki. ChatGPT ilikuja Novemba 2022. Huwezi kuridhia kitu ambacho hakijakuwepo duniani, na hakuna mkataba wa haki unaomwambia mtu leo kwamba kimya chake cha miaka kumi na mitano iliyopita kilikuwa idhini. Halafu wanasema alichagua kuyaacha wazi! Desemba 2009 Facebook yenyewe ilibadilisha mipangilio yake na kuziweka wazi taarifa ambazo watu walidhani wamezifunga, ikiwemo orodha ya marafiki. Tume ya Biashara ya Marekani iliishitakia jambo hilo, na shauri likaishia kwa makubaliano mwaka 2011.

Aliyejuta akafuta chapisho lake hapati nafuu kubwa. Ukurasa unafutika, lakini mfumo uliokwisha kufunzwa kwa maneno yale haurudi nyuma. Nao hauyeyushi kila kitu kuwa wastani usio na sura, kama wanavyopenda kutuambia: watafiti walionyesha mwishoni mwa 2020 kwamba mfumo wa lugha wa GPT-2 uliweza kuchokonolewa hadi ukatema majina, anwani na namba za simu za watu halisi, neno kwa neno, kutoka matini uliyofunzwa nayo.

Nikiri hoja moja ya upande wa pili, kwa sababu ni ya kweli. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 28, inaruhusu kukusanya taarifa pasipo kumwendea mhusika ikiwa yeye mwenyewe ameiweka hadharani kwa makusudi. Wakombaji watakishikilia kifungu hicho kwa mikono miwili. Lakini kinamtaja mhusika mwenyewe, na makusudi yake. Hakimtaji shangazi wala shule wala mpangilio uliobadilishwa usiku. Na sheria hiyohiyo inadai, kifungu cha 25, kwamba taarifa ikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, na isitumiwe kinyume na kusudi hilo. Anayesoma kifungu kimoja na kuruka kingine hajaisoma sheria.

Hoja nyingine husemwa na watu ninaowaheshimu: Kiswahili kina maandishi machache mtandaoni, tukizuia ukombaji mashine hazitatujua. Hofu hiyo naielewa, na natamani lugha yetu isikike vizuri kwenye mashine hizo. Lakini ipo njia iliyokwisha kujaribiwa. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, Waswahili wamesoma sentensi kwa sauti zao wakijua zinakwenda wapi na kwa ajili gani, na hazina hiyo iko wazi kwa watafiti. Waliombwa, wakatoa. Umaskini wa maandishi si sababu ya kumnyang'anya mtu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wenzetu wakiuliza, wanajibiwa. Julai 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Brazil iliizuia Meta kutumia machapisho ya raia wake kufunzia akili mnemba, ikiitishia faini ya reali 50,000 kwa siku, na kizuizi kikaondolewa tu baada ya kampuni kukubali kuwaarifu watu na kuwapa njia ya kukataa. Agosti mwaka huohuo tume ya ulinzi wa data ya Ireland iliifikisha kampuni ya X mahakamani, nayo ikakubali kusitisha kuifunza akili mnemba yake, Grok, kwa machapisho ya watumiaji wa Umoja wa Ulaya. Meta nayo iliwapelekea watumiaji wa Ulaya taarifa na fomu ya pingamizi. Sijamwona wa Tanga wala wa Kisumu aliyeletewa.

Kenya ina kamishna. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Uganda na Rwanda nazo zina sheria. Naziomba ofisi hizo ziache kusubiri mlalamikaji mmojammoja aje na bahasha mkononi. Ziziandikie barua kampuni hizi sasa, zikiuliza machapisho gani ya watu wetu yamechukuliwa, tangu mwaka gani, na kwa idhini ya nani. Majibu yachapishwe kwa Kiswahili. Na mpaka yatakapokuja, zitoe amri kama ya Brazil: ukombaji usimame.