Kimya Si Idhini



Juma lililopita tuliwaahidi wasomaji wetu kwamba safu hii itaendelea na mazungumzo ya matumizi ya nyumbani baada ya Ramadhani. Ahadi ingali pale pale, ila safari ya Turkana imetuletea jambo ambalo hatukuona vyema kulicheleweshea. Tuliandamana na kina mama wenzetu kupeleka nguo na misahafu Lodwar, kisha tukaendelea hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi.

Lodwar tulifikia kwa dada yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, anayesomesha huko. Ukimpigia simu husikii mlio wa kawaida, wasikia kasida. Aliiweka Ramadhani ya mwaka juzi kwa kufikiri kuwa itamalizika pamoja na mwezi. Haikumalizika. Kila muda wake ulipokwisha ilijifungua upya, na salio likakatwa, na yeye asijue. Tulipomuuliza mbona hakushtuka, alicheka akasema kwamba kinachokatwa ni kidogo kuliko bei ya mandazi, na nani ahesabuye mandazi? Tulipoketi naye tukakokotoa miezi yote, kicheko kilikwisha.

Hivyo ndivyo zilivyo huduma hizi za kujiunga. Mtu hujiunga mara moja, pengine kwa kubonyeza tarakimu moja tu, na malipo hujirudia kila siku au kila juma mpaka ajiondoe mwenyewe. Mlango wa kuingilia uko wazi mchana na usiku, na wa kutokea hauonekani. Wapo wauzao vifurushi vya intaneti kwa mtindo huu, wapo wauzao nyimbo na matokeo ya mpira, na wapo, twasema kwa masikitiko, watumao hadithi za Mtume (s.a.w.) kila alfajiri kwa malipo ambayo mpokeaji hakumbuki kuyakubali. Kwa maoni yetu hao wa mwisho ndio wanaostahili kuona haya zaidi.

Lakini kisa kilichotufanya tuandike tulikikuta Kakuma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo inakaliwa pia na Wasomali, Waethiopia, Warundi, Wakongo na wengineo. Karibu na msikiti mmoja tulinunua chai kwa mama wa Kikongo, mtu mzima, mwenye Kiswahili cha kwao kitamu kukisikiliza. Alitueleza kwamba hanunui tena kadi ya simu katika kibanda cha jirani, kwa kuwa kijana mwenye kibanda ni mwizi. Kila akinunua kadi ya shilingi 20 na kuikwangua, ikifika alasiri hapana kitu. Kwa miezi miwili hakuwa akiitikia salamu ya kijana yule.

Mmoja wetu akamwomba simu. Ndani yake mlikuwa na msururu wa ujumbe wa Kiingereza, mmoja kila siku, wenye matokeo ya ligi za mpira za Ulaya. Mama hasomi Kiingereza, na mpira haujui. Chini kabisa ya kila ujumbe palikuwa na maelekezo ya kujiondoa, nayo kwa Kiingereza. Huenda mjukuu alibonyeza akicheza; huenda hakuna aliyebonyeza.

Tulidhani kazi imekwisha, tukamwambia tumjibie neno moja tu na makato yatakoma. Akakataa katakata. Laini ile ndiyo aliyopokelea msaada wa chakula. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwatumia wakimbizi wa Kakuma sehemu ya posho yao kwa njia ya simu, mpango uliojulikana kwa jina la Bamba Chakula. Akiba hiyo ilitengwa kwa ununuzi wa chakula, wala si salio la kupigia. Lakini mama yule angejuaje? Kwake simu ni moja, na neno asilolifahamu akilijibu huenda akaufunga mlango wa unga na mafuta. Alichagua kuibiwa shilingi 20 kuliko kuhatarisha chakula cha mwezi. Wapo na jirani zake ambao laini zao zimesajiliwa kwa jina la rafiki Mkenya kwa kukosa kitambulisho. Hao wakitaka kulalamika, watajitambulisha kama nani?

Sheria ya Kenya haikunyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na anachokinunua, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapopata hasara. Ikafuata Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, ambayo haimlazimishi mtu kulipia kitu asichokiagiza. Kanuni za mawasiliano za mwaka 2010 zinataka idhini itangulie kabla ya mtu kutumiwa ujumbe wa matangazo. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ingawa yahusu taarifa za mtu na si fedha zake, imeeleza idhini vizuri kuliko zote: lazima iwe ya wazi, ya hiari na yenye ufahamu, mwenye kuitoa anaweza kuiondoa wakati wowote, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa uko juu ya anayedai kuwa nayo.

Kwetu sisi wa pwani, wengi wetu wafuasi wa Imam Shafii, hilo si geni. Kanuni inayonasibishwa naye haikubali mtu kutiliwa maneno kinywani kwa kuwa tu amenyamaza. Sisi wanawake twakijua vyema kile kinachovuliwa humo: bikira anapoulizwa kuhusu posa, kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa kwa sababu ya haya yake. Lakini hata huyo ameulizwa kwanza, kwa lugha yake, na mtu anayemjua. Mama wa Kakuma hakuulizwa na yeyote. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa imeiweka biashara juu ya kuridhiana. Na Swahaba Habban bin Munqidh, aliyekuwa akipunjwa sokoni kwa udhaifu wa akili uliotokana na jeraha la kichwa, alielekezwa na Mtume (s.a.w.) aweke sharti la kutohadaiwa kila anunuapo, katika baadhi ya mapokezi alipewa khiyari ya siku 3. Mnyonge sokoni hakuambiwa ajifunze ujanja. Alipewa muda wa kurudisha.

Nchi nyingine zimekwenda mbele kidogo. Ujerumani, tangu Julai 2022, huwataka wauzao mikataba ya kuendelea kwenye tovuti waweke kitufe cha kuivunja papo hapo. India, tangu Oktoba 2021, Benki Kuu yake inataka mteja aarifiwe saa 24 kabla ya malipo ya kujirudia kukatwa kwenye kadi yake. Marekani walitoa kanuni kama hiyo Oktoba 2024, mahakama ikaitangua Julai 2025 kabla haijaanza kutumika kikamilifu. Twaonelea Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ingeichukua ile ya India ikaongeza jambo moja, kwamba taarifa hiyo iwe kwa lugha anayoisoma mteja. Kitufe cha Kijerumani hakimfai asiye na tovuti.

Kabla ya hapo, tuzikague simu za wazee wetu. Ukikuta makato usiyoyaelewa, ipigie kampuni ya simu, taka orodha ya huduma zote zilizomo katika laini, na uulize ni siku gani na kwa njia gani ziliruhusiwa. Andika tarehe ya malalamiko. Wasipotengeneza, peleka shauri kwa Mamlaka. Utaratibu ndivyo ulivyo, mtoa huduma kwanza.

Mama wa Kakuma alikubali hatimaye, baada ya binti mmoja anayefanya kazi katika ugavi wa chakula kuja kumhakikishia kwamba posho haitaguswa. Neno likatumwa, jibu likarudi. Kisha akainuka, akajitanda vizuri mtandio, akamimina chai kikombe kimoja na kuelekea kibandani. Sisi tulibaki kwenye mkeka. Hatukuyasikia waliyoambiana, ila tulimwona kijana akikipokea kikombe kwa mikono miwili.