Mchezo Ukiisha, Tunasema Nini?

Tulikwisha kuandika katika ukurasa huu kwamba kusikiliza mchezo wa redio pamoja, huku mikono ikichambua ndagala, ni jambo jema kwa kikundi. Bado tunasema hivyo. Lakini wiki tatu zilizopita kulitokea jambo ambalo hatuwezi kuliruka.

Mchezo wa siku hiyo ulikuwa juu ya familia mbili zinazogombania shamba. Waigizaji walikuwa hodari. Yule aliyeigiza shangazi mwenye mdomo alituchekesha mpaka mmoja wetu akamwaga sombe aliyokuwa akitwanga. Mchezo ukaisha, tukazima redio ili kulinda betri, tukaanza kuongea. Mwanzoni tuliongea juu ya shangazi. Kisha mtu akasema, "Watu wale ndivyo walivyo." Mwingine akaongeza habari za vita, na nani alimfanyia nani. Mama mmoja wetu, ambaye kabila lake hatuliandiki hapa, alifunga kitenge chake vizuri akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile pesa yake ya likelemba inakuja kwa mkono wa mtoto.

Tulijiuliza kama kosa ni la mchezo. Hapana. Ng'ambo ya ziwa, kule Bujumbura ambako taa zake tunaziona usiku, Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, vita vikiwa vinawaka, na Wahutu na Watutsi wakafanya kazi humo pamoja. Mwaka 1997 mwandishi Marie-Louise Sibazuri alianza kuwaandikia mchezo wa redio kwa Kirundi juu ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi. Uliendelea miaka na miaka. Mama huyo alijua kitu: msikilizaji hawezi kumchukia kwa urahisi mtu ambaye amemsikia akimbembeleza mtoto wake alale.

Rwanda nako, mwaka 2004, ulianza mchezo uitwao Musekeweya, juu ya vijiji viwili vilivyogombana. Mtafiti mmoja wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliufuatilia kwa mwaka mzima. Vikundi vingine vilisikiliza Musekeweya, vingine vilisikiliza mchezo wa mambo ya afya. Aliyoyakuta yanatuhusu sisi wa vikundi. Imani za watu za ndani hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni yale waliyoyaona kuwa yanafaa kutendwa mbele ya wenzao. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda. Waliosikiliza mchezo wa afya walikubali haraka kwamba kiongozi azitunze. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wengi wakataka kikundi chenyewe kitunze vitu vyake. Sisi tuliowahi kugombana juu ya nani alale na kisanduku cha likelemba tunaelewa kwamba hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwetu Kivu. Hapa kulikuwa na mchezo Kumbuka Kesho. Paluck aliufanyia utafiti pia, akautoa mwaka 2010. Katika sehemu fulani watu walisikia mchezo peke yake. Katika sehemu nyingine, baada ya mchezo kulifuata kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Sisi wote tungesema wale wa pili ndio watakaofaidi zaidi, sivyo? Kweli walijadiliana zaidi. Lakini walitoka na uvumilivu kidogo, machungu ya zamani yakawajaa kichwani, na hawakuwa tayari kuwasaidia watu wasiowapenda kama wale waliosikia mchezo tu.

Tuliposoma hayo tulinyamaza. Ilikuwa kama mtu ametuchungulia kwenye parseli yetu siku ile.

Wengine wetu wakasema basi, mchezo ukiisha kila mtu aende kwake. Hatukubali. Hapa Uvira tumekaa na ukimya miaka mingi, na ukimya nao tunajua unavyokaa ndani ya mtu. Sisi tunaona shida ilianza pale tulipomwacha shangazi wa kwenye mchezo tukashika "watu wale". Shangazi ana jina, ana mdomo, ana shamba lake. "Watu wale" hawana lolote, kwa hiyo kila mmoja anawapachika anachotaka.

Kuna waigizaji wanaopita sokoni na michezo ya kushirikisha watazamaji, mfano uliotoka kwa Augusto Boal wa Brazil. Mchezo unasimamishwa katikati, na mtazamaji anapanda kuchukua nafasi ya mmoja wa wahusika. Huruhusiwi kuhubiri, unaigiza. Wiki iliyopita tulijaribu wenyewe, bila jukwaa, kati ya masufuria. Mama mmoja ambaye sisi sote tunamwogopa kama mama mkwe (anajijua, na ameturuhusu kuandika) tulimpa nafasi ya mkwe. Aliyeigiza mama mkwe alimtuma maji mara tatu mfululizo. Mara ya tatu alikaa chini na ndoo, hakusema neno. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo tumepatana hivi: mchezo ukiisha, nusu saa ya kwanza tunataja watu wa kwenye mchezo tu, kwa majina yao. Anayetaka kusema jingine aligeuze swali: ungekuwa wewe, ungefanya nini kesho asubuhi? Tunajua tutateleza.

Wawili kati yetu walikwenda kwa mama aliyeondoka. Hawakwenda na hotuba, walikwenda na mikeke minne. Aliwapokea, akawapa kiti. Aliuliza nani na nani watakuwepo siku ya ine. Tukataja majina yote, hata la yule aliyesema "watu wale", ambaye alikuwa ndiye aliyebeba samaki. Alisema ataona.

Mchezo ni saa kumi na moja jioni, mahali pale pale. Betri zimekwisha nguvu. Mwenye mbili nzuri alete.